Samaki anayelishwa samaki: hesabu ipi tuiamini?

Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha mapitio ya miaka 20 ya ufugaji wa samaki duniani, yaliyoongozwa na Rosamond Naylor wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ndani yake mlikuwa na tarakimu moja iliyopokewa kwa furaha na wenye viwanda vya chakula cha samaki: 0.28. Maana yake, kila kilo moja ya samaki wa kufugwa waliohesabiwa ilitumia gramu 280 tu za samaki wa kuvuliwa. Naylor huyohuyo, katika jarida hilohilo mwaka 2000, ndiye aliyeonya kwamba ufugaji wa samaki wala nyama unaila bahari kuliko unavyoilisha. Wakati ule, kwa takwimu za 1997, uwiano huo wa samaki wa kuvuliwa kwa samaki wa kufugwa ulikuwa 1.9. Kushuka kutoka 1.9 hadi 0.28 si jambo dogo. Mtu akisoma tarakimu hizo mbili tu, kesi imekwisha.

Haikwisha. Mwaka 2024 Spencer Roberts na wenzake wakaandika katika Science Advances kwamba hesabu ile imepunja. Wao walichukua vyanzo vinne vya takwimu za vyakula vya samaki, wakajumlisha na mabaki ya samaki wa kuvuliwa ambayo huwa hayahesabiwi, wakapata uwiano wa kati ya 0.36 na 1.15. Samaki ni walewale na mabwawa ni yaleyale, lakini kutoka jibu la chini kabisa, 0.28, hadi la juu kabisa, 1.15, tofauti ni zaidi ya mara nne. Msomaji wa kawaida akiona hivyo husema wanasayansi hawajui wanachokisema. Mimi naona wanajua vizuri sana, ila kila upande umechagua pa kuanzia kuhesabu na pa kuishia.

Tuifungue hesabu yenyewe, maana bila hivyo mabishano haya yanabaki ya majina ya majarida tu.

Tuseme unafuga samoni. Ili kupata tani moja ya samoni unahitaji kama kilo 1,300 za chakula. Tuseme chakula chenyewe kina asilimia 10 ya unga wa samaki na asilimia 10 ya mafuta ya samaki, na vilivyobaki ni soya, ngano, mafuta ya mimea na kadhalika. Kwa hiyo umetumia kilo 130 za unga na kilo 130 za mafuta. Sasa rudi nyuma hadi kwenye wavu. Ukisindika kilo 1,000 za dagaa wa baharini, kwa makadirio yanayotumika sana unapata kilo 225 hivi za unga na kilo 50 hivi za mafuta. Vingine vyote ni maji yaliyoondoka kama mvuke.

Ukihesabu kwa unga, kilo zako 130 zimetoka kwa dagaa wasiofika kilo 580. Uwiano ni chini ya 0.6, na mfugaji anajipongeza. Ukihesabu kwa mafuta, kilo zilezile 130 zinadai dagaa kilo 2,600. Uwiano umeruka hadi 2.6, na mtetezi wa bahari anapiga kelele. Iko njia ya tatu, iliyosukumwa na upande wa viwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 2000: unajumlisha unga na mafuta, kilo 260, unagawanya kwa kilo 275 zinazopatikana katika tani moja ya dagaa, unapata kama 0.95. Majibu matatu kutoka mfuko mmoja wa chakula, na hakuna aliyedanganya.

Wanaoitetea njia ya tatu wana hoja. Dagaa wakishasindikwa, unga unaozidi kwa samoni hautupwi. Unakwenda kwa kamba, kwa nguruwe, kwa kuku. Kumbebesha samoni mzigo wa dagaa wote kwa sababu tu ya mafuta ni kama kumtoza aliyenunua ngozi bei ya ng'ombe mzima. Hoja hiyo naikubali kwa nusu. Nusu ninayoikataa ni hii: katika soko la sasa mafuta ndiyo adimu, na kitu adimu ndicho kinachoamua boti ngapi ziingie baharini. Unga una mbadala wa kutosha. Mafuta, kwa sababu ya asidi za omega-3 za mnyororo mrefu ambazo mimea ya kawaida ya shambani haizitengenezi, hayana mbadala rahisi. Ukitaka kujua samoni anaegemea wapi, tazama mafuta kwanza.

Halafu kuna mabaki: vichwa, mifupa na matumbo yanayotoka viwanda vya minofu na vya mikebe. Kwa mujibu wa ripoti ya 2024 ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, asilimia 34 ya unga wa samaki na asilimia 53 ya mafuta ya samaki vilivyozalishwa duniani mwaka 2022 vilitokana na mabaki hayo. Upande mmoja unasema yasihesabiwe, kwani samaki alivuliwa kwa ajili ya minofu na kichwa chake kingetupwa. Upande wa pili unasema kichwa kinacholipiwa si takataka tena. Kinamwongezea mvuvi kipato na kumfanya aendelee kuvua hata pale ambapo minofu peke yake isingelipa mafuta ya boti. Hapa sina jibu la kukata na shoka. Najua tu kwamba kuandika sifuri mahali pa kitu kinachouzwa ni uhasibu wa ajabu.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye wastani wenyewe. Wingi wa samaki wa kufugwa duniani ni jamii ya kapi (carp), perege na kambale, wengi wao katika maji baridi ya Asia. Hawa hulishwa hasa vyakula vya mimea, na unga wa samaki kidogo sana. Ukiwatia kapu moja na samoni na kamba, wastani lazima uwe mzuri. Mfugaji wa samoni anayejisitiri nyuma ya 0.28 amejifunika shuka la kapi. Kinyume chake pia hutokea: mtu anasoma kuhusu samoni, anahitimisha kuwa ufugaji wote ni uharibifu, anamsahau mfugaji wa chaza na kome ambaye hapeleki hata punje moja ya chakula baharini.

Tuwape wafugaji haki yao, kwa sababu wanayo. Samaki waliogeuzwa unga na mafuta walifika kilele mwaka 1994, zaidi ya tani milioni 30. Mwaka 2022 walikuwa kama tani milioni 17. Katika kipindi hichohicho ufugaji umepanda hadi tani milioni 94.4 za wanyama wa majini, na mwaka huo wa 2022 kwa mara ya kwanza ukaupita uvuvi, uliotoa tani milioni 91. Kwa maneno mengine, ufugaji umekua huku unga ukipungua. Wala wafugaji wa samaki sio walioanza kuutumia unga huo: katika miaka ya 1960 karibu wote uliliwa na nguruwe na kuku. Samaki wa kufugwa waliwanyang'anya hao sahani, na kwa kuwa samaki hahitaji nguvu ya kuupasha mwili wake joto wala mifupa mizito ya kumsimamisha, anaugeuza unga ule kuwa nyama vizuri kuliko nguruwe. Norway, ambako mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha samoni ilitoka baharini, ilipofika 2013 sehemu hiyo ilikuwa kama asilimia 30 tu. Hiyo ni kazi ya maabara iliyofanywa kwa subira, mlo baada ya mlo, na anayeibeza hajui ugumu wa kumfundisha samaki mla nyama kula soya bila utumbo wake kuvimba.

Lakini je, bahari ilipumzika? Hapa ndipo watetezi wa ufugaji wanapopenda kuruka mstari. Kusema "tunafuga, kwa hiyo tunaokoa samaki wa mwituni" ni dai linaloweza kupimwa, na limepimwa. Stefano Longo na wenzake, katika utafiti wa 2019, walilinganisha takwimu za nchi nyingi kwa miaka mingi, hawakuona ufugaji ukichukua nafasi ya uvuvi. Ulijiongeza juu yake. Watu wanakula samaki zaidi, na boti bado ziko baharini. Tathmini za FAO zinaonyesha kwamba mwaka 1974 asilimia 10 ya akiba za samaki zilizokaguliwa zilikuwa zimevuliwa kupita kiasi. Tathmini iliyotoka 2025 inasema 35.5. Na huo ndio muda ufugaji ulipokua kwa kasi kuliko wakati wowote. Pale ambapo akiba za samaki zimepona, sababu inayojirudia ni ukomo wa uvuvi uliowekwa na kusimamiwa. Kushuka kwa tani milioni 30 hadi 17 nako kusipewe ufugaji sifa yote: sehemu yake inatokana na upungufu wa dagaa wenyewe na migao ya uvuvi iliyobanwa, hasa Peru.

Upande mwingine wa mzani wanasimama watafiti wanaouliza swali tofauti kabisa: kwa nini dagaa wasiliwe na watu moja kwa moja? Tim Cashion na wenzake walikadiria mwaka 2017 kwamba asilimia 90 ya samaki wanaopelekwa kwenye matumizi yasiyo ya kuliwa na watu ni samaki wanaofaa kuliwa. Kisha mwaka 2024 David Willer wa Cambridge na wenzake wakafanya jambo rahisi ambalo nashangaa halikufanywa zamani: walilinganisha virutubishi vilivyomo katika samaki wadogo wanaoingia kwenye chakula cha samoni na vinavyotoka upande wa pili kama mnofu. Katika virutubishi tisa, sita vilipungua, vikiwamo kalisi (kalsiamu), chuma, ayodini, vitamini B12 na hizohizo omega-3. Zinki na seleniamu ziliongezeka. Sababu ya kalisi haihitaji maabara. Samaki mdogo unamla na mifupa yake yote. Samoni unakula mnofu, mifupa unaiweka kando ya sahani.

Ni utafiti mzuri, ila nao una shimo. Unadhani kwamba dagaa akiondolewa kwenye kiwanda cha unga atafika kwenye sahani ya mtu. Samaki huyu ana mafuta mengi na anaoza haraka. Anavuliwa kwa maelfu ya tani katika wiki chache, mara nyingi mbali na walaji. Bila barafu, mikebe na soko, atakayemla ni funza. Peru imejaribu kwa miaka kuwahimiza watu wake wale anchoveta, dagaa wao maarufu, na bado karibu wote wanageuzwa unga. Mambo ni tofauti pwani ya Afrika Magharibi. Viwanda vya unga vya Mauritania, Senegal na Gambia vinanunua samaki jamii ya dagaa ambao tangu zamani wana walaji wao, na wanawake wanaowakausha na kuwauza wanapambana na mnunuzi mwenye mfuko mnene. Hoja ya Willer ina nguvu nyingi huko kuliko Peru. Tarakimu moja ya dunia nzima haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Kuhusu mbadala nitasema machache, kwa sababu matangazo ni mengi kuliko matokeo. Funza wa nzi askari mweusi wanaweza kuchukua sehemu nzuri ya unga wa samaki bila samaki kudumaa. Hilo limejaribiwa mara nyingi. Swali ni funza wanakula nini. Wakilishwa mabaki ya jikoni na sokoni, kuna faida. Wakilishwa nafaka ambayo samaki angeila mwenyewe, umeongeza mlaji mwingine katikati ya safari. Soya nayo imeupunguza mzigo wa bahari kwa kuuhamishia shambani, na shamba jipya la soya lina msitu uliokuwepo kabla yake. Mafuta ya mwani mdogo unaokuzwa kwenye matangi yana omega-3 zilezile, kwa kuwa dagaa wenyewe huzipata kutoka kwenye vijimea vya baharini. Kikwazo chake kwa miaka mingi kilikuwa gharama.

Basi ikaja Juni 2023. Maji ya pwani ya Peru yalipashwa na El Niño, chombo cha utafiti kikakuta sehemu kubwa ya anchoveta ni wachanga mno, na serikali ikaufuta msimu wa kwanza wa uvuvi katika eneo la kaskazini na kati, eneo linalolisha sehemu kubwa ya viwanda vya unga na mafuta duniani. Nchi hiyo iliwahi kufundishwa kwa uchungu. Mwaka 1970 ilivua zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta, miaka mitatu baadaye uvuvi ule ulikuwa umeporomoka. Safari hii walisimamisha boti mapema. Kwa wenye viwanda vya chakula cha samoni, kilichokosekana ghafla kilikuwa mafuta, na bei yake ikapanda hadi kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Aliyekuwa akihesabu uwiano kwa unga peke yake asingeliona pengo hilo.