Tangi la zenoni na jibu la "hamna"

Kila wanaosaka maada ya giza, ile isiyoonekana lakini uvutano wake huonekana angani, wanapotoa matokeo, swali huwa moja: mmeipata? Na jibu moja: hamna. Wapo wanaosema basi, yatosha, fedha ziende kwingine, na si wajinga. Chembe nzito ziitwazo WIMP, zinazokisiwa kuwa ndizo maada hiyo, zilitazamiwa kuonekana zamani. Kila zikikosekana, makisio husogezwa mbele kidogo. Nadharia inayohamahama hivyo inatia shaka.

Ila hiyo "hamna" haipatikani kwa urahisi.

Kitambuzi cha LZ, kimojawapo cha kuzisaka chembe hizo, kiko karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, Marekani. Mwamba huo wote ni mwavuli wa kukinga miale itokayo anga za mbali. Sehemu ya tangi inayochunguzwa ina tani 7 za zenoni, gesi iliyogeuzwa kimiminika. Kiini cha atomu ya zenoni kikigongwa na chembe, hutoka mmweko hafifu. Kisha elektroni zilizong'oka huvutwa juu kwa umeme na kutoa mmweko wa pili. Kwa kulinganisha mimweko hiyo miwili hujulikana kama kilichogongwa ni kiini, au ni elektroni tu iliyosukumwa na mionzi ya kawaida.

Mwaka 2024 wanasayansi wa LZ walitangaza matokeo ya siku 280. Kuna jambo moja humo ambalo siachi kulifikiria. Wakati data ikikusanywa, ishara za uongo zilipenyezwa humo kisirisiri, na wachambuzi hawakujua zipi ni zipi hadi kazi ilipokwisha. Wenyewe huita kutia chumvi. Sisi tukisema mtu katia chumvi, kakuza jambo. Yao imewekwa ili mtu asikuze. Ilipoondolewa, hakikubaki chochote ambacho mionzi ya kawaida isingeweza kukieleza.

Huko Gran Sasso, Italia, mwaka 2020, kitambuzi kingine cha zenoni, XENON1T, kiliona ishara zilizozidi matarajio, na nadharia mpya zikamiminika. Miaka miwili baadaye mrithi wake, XENONnT, akiwa safi zaidi, hakuziona. Wangeweza kuikumbatia ile ziada, waliizika wenyewe. Na tangu XENON10, kitambuzi cha awali cha mwaka 2007, uwezo wa kuhisi migongano hii umeongezeka zaidi ya mara 10,000. Makisio mengi mno yamekufa njiani, na hayo hayasomwi kwenye vichwa vya habari.

Wakosoaji wangenibana vizuri zaidi kwa hoja ya nyutrino, chembe nyepesi mno zipenyazo karibu kila kitu. Mwaka 2024 XENONnT na kitambuzi cha PandaX-4T cha China ziliripoti dalili za nyutrino za Jua ndani ya zenoni. Hizo mwamba hauzizuii, na migongano yake hufanana na ya WIMP nyepesi, hivyo kuongeza ukubwa wa tangi ni kuongeza ukungu pia. Katika pango hilohilo lenye LZ leo, mwanasayansi Raymond Davis alitumia miaka mingi kuzinasa nyutrino za Jua, akapata Nobeli mwaka 2002. Windo lake limekuwa kero ya waliomfuata.