Choo cha Mtalii na Nauli ya Shangazi

Jumamosi iliyopita wageni kumi na wawili waliingia dukani kwangu kukodi makoti mazito na mifuko ya kulalia. Wote fulana za waridi. Mgongoni picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na chini yake maneno ya Kiingereza kwamba wanapanda ili saratani ishindwe Afrika. Kiongozi wao, kijana mchangamfu, akaniuliza kama na mimi naunga mkono. Nikamwambia naunga mkono sana, na fimbo za kutembelea ni dola kumi.

Nisijifanye mtakatifu. Mimi nakula kwa mlima huu, na nusu ya mji wa Moshi inakula kwa mlima huu. Kupanda kwa ajili ya ugonjwa nako si kitu kigeni: Kili Challenge ya UKIMWI ipo tangu 2002, na Watanzania wenzetu wanapanda humo kwa miguu yao. Ila zile fulana zilinikaa kooni siku nzima, na sababu yake ni choo.

Mtoto wa shangazi yangu ni mgumu, yaani mpagazi wa mlimani. Mwezi wa pili alipata safari ya kundi kama hilo, njia ya Machame, siku saba, akapangiwa kubeba choo. Ndiyo, choo. Kile cha plastiki pamoja na hema lake. Kinapanda kichwani kutoka getini hadi kambi ya Barafu, kinaoshwa kila asubuhi kwenye baridi ya kukata vidole, na kinatakiwa kifike kambini kabla ya mwenye haja. Wiki hiyohiyo mama yake alikuwa Dar, amelazwa godoro la chini sebuleni kwa mtu Mbagala, akienda hospitali ya saratani ya Ocean Road kila siku kupigwa mionzi. Saratani ya shingo ya kizazi. (Barabara yenyewe siku hizi inaitwa Barack Obama, lakini nani kwetu anasema mgonjwa wake yuko Barack Obama?)

Nilimuuliza binamu kwa nini hakuwaambia wale wageni. Watu wanapanda kwa ajili ya saratani, na mama yako anaumwa hiyohiyo saratani! Akaniangalia kama mtoto mdogo. "Ningewaambia wangedhani natafuta tipu."

Sasa tuje kwenye pesa. Wageni wa namna hii huwa wanachangisha vizuri, sikatai. Kisha kunakuja siku ya kukabidhi, ule mfano wa hundi mkubwa kama mlango, watu wanane wameushika na daktari katikati anatabasamu. Zinanunuliwa mashine, vinanunuliwa vitanda, unajengwa ukuta wenye kibao cha majina. Mashine inapigwa picha, ukuta unapigwa picha. Nauli ya basi haijawahi kupigwa picha na mtu.

Na nauli ndiyo inayoua watu wetu. Shangazi alipangiwa mionzi 25 ya nje, Jumatatu hadi Ijumaa, wikiendi mapumziko. Hizo ni wiki tano, na hapo mashine iwe nzima na damu yake ikubali. Baada ya hapo kuna mionzi ya ndani. Wewe hesabu. Basi la Moshi hadi Dar Sh 40,000 hivi, mara mbili kwa sababu hawezi kwenda peke yake. Msindikizaji ameacha biashara yake ya ndizi Rombo, hiyo hakuna anayeihesabu. Wenyeji wa Mbagala hawakudai kodi, Mungu awabariki, lakini huwezi kukaa kwa mtu mwezi mzima bila kununua hata unga. Halafu pedi, kila siku pedi. Halafu daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Hata hospitali ikikusamehe gharama zake zote, hizi hakuna dirisha la kuombea msamaha.

Na kuna jambo shangazi alinisimulia kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni, nami naliandika kwa ruhusa yake. Mionzi ya nyonga inaharibu tumbo. Kuanzia wiki ya pili alikuwa anaharisha, na kutoka Mbagala hadi Posta kwenye foleni ya asubuhi hakuna pa kushuka. Kwa hiyo akaacha kula. Jioni anakula kidogo, asubuhi hata chai hagusi, anafika kwenye mashine miguu inatetemeka. Mwanamke wa miaka 58, aliyelea watoto sita, anajifungisha njaa kwa kuogopa aibu ya kwenye daladala. Wiki ya tatu akatangaza anarudi nyumbani, liwalo na liwe. Na matibabu haya hayataki kukatizwa, ukiruka siku unaupa uvimbe nafasi ya kujipanga upya.

Kilichomzuia ni Sh 120,000 za M-Pesa kutoka kwa mwanawe, aliyekuwa ameteremka mlimani kwa njia ya Mweka siku hiyo na kugawiwa tipu. Kwa pesa hiyo walipata chumba karibu na hospitali kwa siku kadhaa, wakamalizia zilizobaki kwa kuungaunga. Kwa hiyo ndiyo, nakubali, ile safari ya kupambana na saratani ilimsaidia mgonjwa wa saratani. Pesa ilipitia chooni tu.

Kwa kulinganisha: hifadhi peke yake inachukua dola 70 kwa siku kwa kila mgeni mtu mzima anayetoka nje, kabla ya kambi na kabla ya VAT. Siku saba ni zaidi ya shilingi milioni moja. Bado kampuni, bado ndege, bado hoteli. Na kuna safari ambazo sehemu ya michango yenyewe ndiyo inalipia safari ya mchangishaji. Bibi wa huko ametoa pauni zake ishirini akidhani ananunua dawa, kumbe amechangia kiti cha ndege.

Najua mtanijibu kwamba hakuna anayemchangia mtu aliyekaa kwenye kochi. Sawa. Najua pia mashine zinahitajika, siyo mjinga mimi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda nzima, pale hospitali ya Mulago, ilikufa baada ya kutumika tangu 1995, na mwenye uwezo akabebwa Nairobi huku asiye nao akabaki anamwangalia Mungu. Kwa hiyo nunueni mashine. Lakini anayenunua mashine aweke na ya fundi, na aweke ya kumfikisha mtu mbele ya hiyo mashine.

Na kundi la Jumamosi lilikuwa na mama mmoja, nywele fupi ndiyo kwanza zinaota, akaniambia amemaliza dawa za saratani za kudungwa mishipani mwaka jana na anataka kujua kama mwili bado ni wake. Huyo nilimpa glavu bure. Huyo apande hadi mbinguni, sina neno.

Maneno ninayo kwetu sisi. Tukifiwa, Wachaga tuna miujiza. Mtu akifa Dar usiku, saa nne asubuhi kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna Coaster mbili na gari la mwili, na kufika Ijumaa tuko Rombo tunakula nyama. Hilo kundi la WhatsApp la ukoo wetu lina watu 140. Shangazi alipokuwa Mbagala niliandika humo mara tatu. Nilipata mikono ya kuomba, mingi sana, na "pole shangazi yetu". Waliotuma hela ni wanne. Angekufa, tungekodi Coaster.

Halafu kuna miezi minane aliyopotezewa na zahanati moja, siitaji, ikimtibu UTI. UTI, UTI, UTI, sindano juu ya sindano. Hakuna aliyemwambia apande kitanda aangaliwe. Kipimo chenyewe cha mwanzo ni cha siki jamani! Wanapaka siki kwenye shingo ya kizazi, na seli zikiwa zimeanza kubadilika panageuka peupe. Wanangu wa kike wamechanjwa, chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, ipo nchi nzima tangu 2018, na ambaye bado anamficha binti yake kwa sababu ya uvumi wa ugumba, na aje dukani kwangu tuongee.

Yule kijana wa fulana nilimweleza habari ya nauli wakati wa kurudisha makoti. Alisikiliza kweli, akaandika kwenye simu, akasema atalifikisha kwenye bodi yao. Fimbo moja ilirudi imepinda, sikumlipisha.

Shangazi anarudi kliniki Jumanne. Nimeshamkatia tiketi, siti ya dirishani upande wa kushoto. Ndiyo anayoitaka siku zote, anapenda kuuangalia mlima mpaka Himo.