Kati ya unga na ugali

Mama yangu akivuna mahindi, mahindi hayo yamo kwenye Pato la Taifa, hata kama hayatafika sokoni na yataliwa yote hapo hapo nyumbani. Akiyapukuchua, bado yumo. Akiyasaga yakawa unga, kwa kanuni bado yumo. Akibandika sufuria, maji yakachemka, akasonga ugali na kuwapakulia wajukuu, hapo katoka. Kwa hesabu za nchi, hakuna alichozalisha.

Sitanii. Ndivyo zinavyosema kanuni za hesabu za taifa za Umoja wa Mataifa, ambazo ofisi za takwimu duniani kote, ya kwetu ikiwemo, huzifuata. Bidhaa ambayo kaya imejizalishia yenyewe inahesabiwa. Huduma ambayo kaya inajihudumia yenyewe, yaani kupika, kufua, kufagia, kulea, kuuguza, haihesabiwi. Mpaka wa uchumi umepita jikoni, kati ya unga na ugali.

Nilisoma uchumi chuoni, sasa naandika vitabu vya hesabu vya duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, na nakiri kwamba nilifaulu mtihani wa hesabu za taifa bila kuliona hili. Tulikariri: Pato la Taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zote za mwisho zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi, tuseme kwa mwaka. Unaweza kulifikia kwa kujumlisha thamani iliyoongezwa katika kila sekta, au kwa kujumlisha kilichotumika, au kwa kujumlisha kilicholipwa watu kama mishahara, faida na kadhalika; njia tatu, jibu moja, angalau kwenye karatasi ya mtihani. Kisha lina ndugu yake anayehesabu kipato cha wenyeji badala ya kilichotokea ndani ya mipaka. Faida ya mgodi wa dhahabu wa kampuni ya kigeni imo kwa yule wa kwanza, ikishavuka kwenda kwa wenyewe haimo kwa wa pili. Ule mwezi Julai 2020 tuliposhangilia kuingia uchumi wa kati wa chini, Benki ya Dunia ilikuwa imetumia huyu wa pili: dola 1,080 kwa kila Mtanzania kwa mwaka 2019, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Nakumbuka kijiweni kulikuwa na ubishi mkali siku hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni kipimo kipi.

Ukiwauliza wataalamu kwa nini ugali wa mama haumo, jibu utakalopewa kwanza ni kwamba hauna bei. Haukuuzwa, kwa hiyo nani ajue thamani yake? Jibu hilo lingenitosha kama nisingejua habari ya nyumba.

Habari ya nyumba ni hii. Mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe halipi kodi ya pango kwa mtu yeyote. Hakuna bei, hakuna risiti, hakuna fedha iliyopita mkono. Lakini kwenye Pato la Taifa anakadiriwa kodi, kana kwamba anajipangishia na kujilipa mwenyewe kila mwezi. Sababu wanayotoa ni ya maana: wasipofanya hivyo, nchi yenye wapangaji wengi itaonekana tajiri kuliko nchi ambayo watu wana nyumba zao. Sawa kabisa. Ila tazama kilichotokea. Nyumba ya baba yangu huko Kilosa inaongeza Pato la Taifa kwa kusimama tu. Anayeifagia, anayeikandika ikipata ufa mdogo, anayelala humo na mgonjwa usiku kucha, hamo. Kumbe kukadiria bei ya kitu kisichouzwa kunawezekana. Imechaguliwa tu kikadiriwe nini.

Hata uchaguzi huo ulipingwa mapema, na ulipingwa kwa mfano wa karibu na kwetu. Miaka ya 1940 mchumi kijana Mwingereza, Phyllis Deane, alipewa kazi ya kujaribu kama namna mpya ya Waingereza ya kuhesabu pato la taifa ingefaa kwenye makoloni. Alishughulika na Nyasaland, Malawi ya leo, na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na hakuishia kwenye makaratasi ya London: alikwenda vijijini. Akarudi na hoja kwamba ni kichekesho kuhesabu pato la vijiji vile ukaacha kuokota kuni na kupika chakula, kazi zinazowala wanawake sehemu kubwa ya siku. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ulitoa mfumo wake wa kwanza wa hesabu za taifa, na mapishi hayakuingia. Kwa kanuni za leo kuni na maji ya kuteka yamo. Chungu bado kiko nje.

Mahakama yetu ilikuwa na jicho kali zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mali iliyochumwa kwa pamoja hugawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na mchango unaweza kuwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilipata shauri ambalo kila mwanafunzi wa sheria nchini analijua kwa jina la mama aliyelifungua, Bi Hawa Mohamed. Alikuwa ameachwa, hakuwa na mshahara, na alidai sehemu ya mali kwa hoja kwamba aliitunza nyumba na familia. Mahakama, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Yule mama mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mumewe alikuwa amekwishampa fedha za kujipatia nyumba yake na hakuzitumia kwa kazi hiyo. Alishinda hoja, akakosa mgao. Lakini hoja imebaki, na wanawake wengi wamegawiwa mali kwa mgongo wake.

Sasa mtu atadhani nataka ugali uingizwe kwenye Pato la Taifa kesho asubuhi. Sitaki. Nilikuwa nataka, nikabadili mawazo, na kilichonibadilisha ni deni. Deni la taifa hupimwa kwa kulilinganisha na Pato la Taifa. Ukiongeza mapishi na malezi yote, Pato linavimba, uwiano wa deni unashuka, na kesho yake kuna mtu atasimama kusema tuna nafasi ya kukopa zaidi. Atalipa kwa kitu gani? Huwezi kukusanya kodi kwenye ugali. Na uvimbe wa namna hiyo tumeuona. Mwaka 2014 Nigeria ilipobadili mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kulinganishia hesabu, uchumi wake uliongezeka kwa asilimia 89 kwa usiku mmoja, ukaipita Afrika Kusini. Mwaka huo huo Kenya ikaongezeka kwa robo, na sisi tukaongezeka kwa zaidi ya robo. Yalikuwa marekebisho halali, lakini sikumbuki mtu aliyelala na njaa akaamka ameshiba.

Isitoshe, bei yenyewe utaitoa wapi? Watapima kwa mshahara wa dada wa kazi. Na dada wa kazi analipwa kidogo kwa sababu kazi hiyo inadharauliwa, hivyo utakuwa umechukua dharau ukaigeuza kipimo. Nafahamu nyumba hapa mtaani ambako dada anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na analipwa 60,000 kwa mwezi, tena kwa kukumbushia. Ukizidisha hiyo kwa mamilioni ya akina mama unapata nini? Matusi yaliyojumlishwa.

Ninachotaka ni saa. Hesabuni saa, shilingi ziacheni.

Nilijaribu mwenyewe. Disemba moja nikiwa likizo nyumbani nilichukua kaunta buku, nikachora safu, nikamfuata mama siku nzima kama karani wa sensa. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri. Ndoo ya lita 20, safari tatu, na foleni ya kisimani humo humo. Moto, uji, vyombo. Kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa nimekwama. Maharage yalikuwa jikoni, yeye amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi, mjukuu wa mwaka mmoja na nusu yuko mgongoni, na kila baada ya dakika chache anainuka kusogeza kuni. Dakika 40 hizo niandike safu gani? Kupika? Kilimo? Malezi? Nikaandika zote tatu. Usiku nilipojumlisha nikapata saa 22 na ushee, na mama alikuwa macho saa 17 tu.

Akauliza, "Umepata ngapi?" Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Na hizi za kukaa kukujibu maswali yako umeziweka wapi, mwanangu?"

Sikuwa nimeziweka popote. Baba, kwa haki yake, alikuwa shambani mpaka saa saba mchana, jua kali. Baada ya hapo alikwenda kwenye bao. Safu yake ilijumlishika bila shida.

Watafiti wa matumizi ya muda wanalijua tatizo hili. Huandika shughuli kuu na pembeni yake ile inayokwenda nayo. Si jambo geni wala la kizungu. Sisi wenyewe tuliweka maswali ya matumizi ya muda kwenye utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006, na tena 2014. Kenya ilifanya utafiti wake wa kwanza wa namna hiyo mwaka 2021. Na kidunia, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba mwanamke hutumia wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku kwenye kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, mwanamume saa 1 na dakika 23. Kwa hiyo vifaa tunavyo. Kinachokosekana ni ratiba na jukwaa. Takwimu za ukuaji wa uchumi zinatoka kila robo mwaka. Za saa zinatoka mtu akikumbuka.

Inaniuma zaidi kwa sababu suala hili lina mkono wetu. Mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing wa 1995 uliongozwa na Katibu Mkuu kutoka Ukerewe, Gertrude Mongella, ambaye mpaka leo wengine wanamwita Mama Beijing. Azimio lililotoka kule liliziomba nchi zitafute njia za kupima kazi zisizolipwa na kuzionyesha kwenye hesabu za pembeni, zinazokaa ubavuni mwa Pato la Taifa bila kuingia ndani yake. Ni hicho hicho ninachokiomba hapa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto wake.

Wakati huo huo vipimo vingine vinasogea upande usiotarajiwa. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, walikubaliana kwamba anayelima hasa kwa ajili ya kula na familia yake anafanya kazi, ila si "ajira". Wana sababu zao, na kuiita kazi ni hatua. Lakini hebu zipange kanuni hizo mbili kwenye meza moja: hindi limo kwenye Pato la Taifa, aliyelilima hayumo kwenye walioajiriwa. Hapo ndipo unapokutana na "ushiriki mdogo wa wanawake katika ajira" kwenye slaidi za semina, na mtu mwenye tai anapendekeza wafundishwe ujasiriamali.

Saa zingesaidia wapi? Chukua maji. Kauli ya serikali ni "kumtua mama ndoo kichwani", na mimi naipenda, maana imeanzia kichwani kwa mtu. Lakini taarifa zinazofuata ni za visima vilivyochimbwa, kilomita za bomba, mabilioni yaliyotengwa. Bomba likijengwa, Pato la Taifa linaona saruji, mafuta ya greda na posho. Saa zinazookolewa ndoo ikitua halizioni. Ningependa ile siku ya Juni kule Dodoma, asubuhi Waziri anaposoma hali ya uchumi kabla ya bajeti ya jioni ambayo wote tunaisubiri kwa ajili ya bei ya soda na mafuta, baada ya "uchumi umekua kwa asilimia kadhaa" isomwe sentensi moja zaidi: mwaka huu mwanamke wa kijijini ametumia saa ngapi kutafuta maji na kuni, mwanamume ngapi, na mwaka jana zilikuwa ngapi. Sentensi moja tu. Wabunge watabishana kuhusu namba hiyo, na mbishano huo ndio ninaoutaka.

Bomba lilifika kwetu mwaka juzi, kituo kiko hatua kama 60 kutoka mlangoni. Mimi nina mazoea ya kumpigia mama alfajiri, saa kumi na moja, kabla sijatoka kwenda kazini, kwa sababu maisha yangu yote saa hiyo nimemjua yuko macho. Wiki bomba lilipoanza kutoa maji nilipiga, simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena, kimya. Nikampigia jirani, naye hakupokea. Nilifika dukani roho juu, nikafungua kompyuta, nikawa naandika namba nisizozielewa.

Saa mbili kasoro akapiga mwenyewe. Nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu," akasema. "Nilikuwa nimelala."