Baa iliuzwa, daftari likabaki

Mlangoni alisimama kijana mwenye fulana nyeusi iliyombana, waya wa redio umening'inia sikioni. "Kaka, umebuku?" akaniuliza. Nikadhani anaomba buku. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta noti ya elfu moja, nikijisemea kwamba mji umekuwa mgumu mpaka walinzi wa baa wanaomba mlangoni. Kumbe alikuwa anauliza kama nimeweka oda ya meza. Meza! Mahali ambapo kwa miaka 11 nimekalia kiti kilekile chekundu cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, dada wa kaunta akinipigia kelele kwamba nikiegemea tena nitaanguka na hataniinua.

Sikuwa nimebuku. Nikavuka barabara, nikanunua maji kwa Mangi, nikasimama pale dukani nikiitazama baa yetu inavyowakawaka taa za zambarau kama msafara wa harusi.

Jina sitalitaja. Wa Sinza mtaijua nikisema ni nyuma ya Shekilango, nyumba ya pembeni yenye mwembe uani. Viwanja vile ni vya ule mradi wa miaka ya 1970, Serikali ilipokopa Benki ya Dunia, ikapima, ikachonga barabara, ikavuta maji, halafu kila mtu akaachiwa ajenge kadiri ya mfuko wake. Yaliyofuata mnayajua. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakabinafsishwa, watu wakapunguzwa kazini, na mwenye nyumba Sinza akitazama uwanja wake wa mbele anaona grosari. Mwenye nyumba ile alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Kiinua mgongo chake kikageuka friji mbili, kreti na benchi. Alipofariki, mkewe akaendelea. Sisi tulimwita Mama, na sijui kama kuna aliyewahi kumwita vinginevyo, hata bwana afya alipokuja kukagua choo.

Ilikuwa baa ya bei ya chini, hilo halina ubishi. Siku za mwisho za Mama, bia ya Safari kubwa ilikuwa 1,800 wakati jirani wanauza 2,000. Lakini tusidanganyane kwamba tulikuwa tunafuata hiyo 200. Pale mezani kwetu kulikuwa na fundi seremala aliyekuwa akipanda daladala kutoka Tabata, na nauli yake peke yake ilikuwa inakula punguzo lote kabla hajafungua chupa ya kwanza. Tulikuwa tunafuata kitu kingine, na nimechukua muda mrefu kukielewa, kwa sababu nikiwa ndani yake sikukiona.

Nianze na chupa. Kwa Mama chupa tupu haikuondolewa mezani. Ilibaki palepale na wenzake, kwa sababu chupa ndizo zilikuwa bili. Ukitaka kuondoka unaita, dada wa kaunta anakuja, anahesabu kwa kidole, mnabishana kidogo kama ile ya pembeni ni yako au ya mwenzetu tuliyemwita Mwalimu, unalipa. Kila mtu anaona kila mtu kanywa ngapi. Ukifika ya sita na kesho ni siku ya kazi, Mama mwenyewe alikuwa anapita na kusema "wewe sasa hivi utakunywa maji," na maji yanakuja bila kuagizwa. Baa gani duniani inamkataza mteja kununua? Na yule mteja kesho yake anarudi, kwa sababu kafika nyumbani na simu yake na viatu vyake vyote viwili.

Halafu jiko. Kwa msiozijua baa zetu, mara nyingi mwenye baa si mwenye jiko. Yeye anauza vinywaji, na kibanda cha nyuma anampangisha mchomaji anayelipa kwa siku au kwa mwezi. Wa kwetu alikuwa bwana mmoja mkimya wa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Nusu kilo, ndizi mbili za kukaanga, kachumbari, ndimu, pilipili ya kukufanya uombe bia nyingine. Sahani moja ya chuma, watu wanne, vijiti vya meno. Nadhani nusu ya waliokuwa wanakuja pale walikuwa wateja wake, bia wakaikuta hapo hapo.

Sasa, huyo bosi mpya aliyeinunua baa kwa Mama. Sitaki kumchora kama shetani, maana ni kijana mstaarabu, alitusalimia wote "shikamoo" siku ya kwanza hata sisi tusiostahili. Akaagiza kila meza iletewe raundi moja. Tukanywa, tukamsifu. Alikuwa na hesabu zake kichwani: baa iko mahali pazuri, mwembe unatoa kivuli, leseni ipo, wateja wapo tayari. Akipaka rangi, akiongeza spika, akapandisha bia kidogo, tatizo liko wapi?

Alianza na jiko. Kodi ya kibanda ikapanda zaidi ya mara mbili kwa mpigo. Mchomaji hakusema neno, alikunja kikaango chake na meza yake akahamia uwanja wa gereji mtaa wa tatu. Nafasi yake akaletwa kijana mwenye kofia ndefu nyeupe na karatasi ya vyakula iliyopigwa lamineti, kuku wa sosi hivi na hivi. Jumamosi ile ile watu wa kitimoto wakahamia gereji. Na ukishakaa gereji na sahani mkononi, hutarudi mitaa mitatu kufuata bia. Unaagiza kwa Mangi wa jirani, unakunywa umesimama kati ya matairi.

Kilichofuata ni dada wa kaunta. Miaka tisa pale. Alikuwa anajua nani anakunywa ya moto, nani ya baridi, nani mkewe akipiga simu ajibiwe kwamba katoka sasa hivi. Akaambiwa hana mwonekano. Wakaletwa mabinti wa sare, wazuri, sina neno nao, ila utaratibu wao ndio ulituua: mhudumu anailipia bia kaunta kwa fedha yake mwenyewe, ndipo anakuletea na kukudai. Baa nyingi zinafanya hivyo, mwenye mali hapotezi hata kizibo. Lakini mzigo wote wa wasiwasi unakuwa wa yule binti. Ukienda chooni anakufuata kwa macho. Hujamaliza nusu chupa, "kaka naomba hela ya ile ya kwanza?" Masikini, angefanyaje? Mteja akikimbia, mshahara wake umekimbia. Chupa nazo zikawa zinaondolewa haraka ili meza zipendeze, basi hesabu ikahamia kwenye karatasi, na ugomvi wa bili ambao kwa Mama ulikuwa kichekesho ukawa ugomvi kweli. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sina tatizo nayo kabisa, TRA wachukue chao. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tunahesabiana kwa macho, sasa tukawa tunahesabiwa.

Muziki nisiuongelee sana, nitaonekana mzee. Mama alikuwa na redio moja juu ya friji. Jumapili jioni ikipiga bendi za Msondo au Sikinde, sauti yake ya kiasi cha mtu kumsikia mwenzake akilalamikia watoto wa shule. Bosi mpya akafunga spika nne. Jumanne kuna DJ. Nani anacheza muziki Jumanne? Majirani wakalalamika, mjumbe akaja, na kwa vile mwaka 2023 NEMC, wale wa baraza la mazingira, walikuwa wamepita Dar wakifungia baa kwa kelele, mjumbe hakuhitaji kumaliza sentensi. Spika zikapunguzwa, lakini mwembe ulikuwa umeshafungwa taa na viti vyekundu vilikuwa vimeshauzwa kwa kilo.

Mtaniambia kila kitu hubadilika mikono, hata hiyo bia yenyewe. Kweli kabisa. Mwaka 1993 Serikali ilimwingiza Msauzi ndani ya TBL, kampuni inayopika Safari, na mwaka 2016 kampuni hiyo yenye asili ya Afrika Kusini nayo ikamezwa na AB InBev ya Ubelgiji. Kampuni ya bia ya Serengeti nayo, mwaka 2010 EABL, kampuni ya bia ya Kenya, ikanunua asilimia 51. Sijawahi kuamka asubuhi nikaona Safari imebadilika kwa sababu hisa zimehamia Ubelgiji. Wazee wa meza yetu walisema hata tulipata nafuu, maana wanaikumbuka miaka ya 1980 bia ilipokuwa ya kujuana na meneja. Kwa hiyo sipingi kuuza wala kununua. Ila kiwanda kikiuzwa, mnunuzi anakabidhiwa mitambo na namna ya kupika. Baa ya Mama ilikuwa na mitambo gani? Friji mbili. Na namna ya kupika ilikuwa kichwani mwa wanawake wawili na mchomaji mmoja, ambao wote watatu waliondoka ndani ya miezi minne.

Baa ile ilikuwa imeshapita mitihani. Machi 2017 viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku, grosari za jirani zilizokuwa zinaishi kwa viroba ziliyumba, yetu haikutikisika. Mwaka 2020 wakati wa corona watu walipoogopana, tulikuja wachache tukakaa mbalimbali kama watahiniwa, ikapita. Haya yote ilistahimili, ikaja kuzidiwa na taa za zambarau.

Niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana mlevi anayelilia kochi. Choo cha Mama kilikuwa aibu. Wanawake waliokuja na waume zao walikuwa wanajizuia mpaka nyumbani. Bosi mpya alijenga vyoo viwili vya maana, vya vigae, vyenye maji na sabuni, na kwa hilo peke yake anastahili pongezi. Pia kwa mara ya kwanza niliona mabinti wanakaa pale wenyewe, meza yao, soda zao, bila mzee kuwasogelea na kuwaita "mchumba". Kwa Mama hilo lisingewezekana, na wa kulaumiwa ni sisi.

Na hapa ndipo panaponiuma. Maana kila tunapokutana gereji tunamsema bosi mpya, hakuna anayeuliza kwa nini Mama aliuza.

Aliuza kwa sababu yetu. Kulikuwa na daftari, lile kubwa la kaunta, kila mteja na ukurasa wake. "Mama niandikie" lilikuwa neno la kawaida kama salamu. Mwezi ukiisha wengine wanalipa, wengine wanalipa nusu na kuanza kuandikiwa upya siku hiyo hiyo. Msambazaji wa bia haandikiwi, anataka hela yake kreti zikishuka. Mama alikuwa anakopa kwenye vikoba ili sisi tukope kwake. Bei yetu ya 1,800 tuliyokuwa tunajivunia ilikuwa inalipwa na yeye. Alipokuja mtu na fedha taslimu, angekataa kwa lipi?

Baa sasa inauza bia 2,000. Wametundika kitambaa cha "OFA" getini, na yule mlinzi wa kubuku hayupo. Nilipita Alhamisi saa mbili usiku, nikahesabu wateja sita, wanne wanaangalia simu. Hakuna aliyerudi. Sisi wa zamani tumeshazoea matairi, na wale wa zambarau wamehamia baa nyingine yenye zambarau zaidi.

Mwezi uliopita nilimtafuta Mama. Yuko Mbezi kwa mwanawe, anauza mayai na mkaa barazani. Nilikuwa nimefunga 23,000 kwenye bahasha. Hakushangaa kuniona. Aliingia ndani akarudi na daftari, lile lile, jalada limekatika, akalamba kidole na kunitafuta ukurasa. Ilikuwa 26,500. Nikaongeza. Akapiga mstari kwa rula, taratibu, kama mwalimu wa darasa la tatu.

Nilichungulia kurasa nyingine. Wa Mwalimu, aliyefariki mwaka jana, ulikuwa na mstari pia. "Huyo nilimfutia siku ya mazishi," akasema. Wa fundi wa Tabata ulikuwa 41,000. Wa Mjeda, mwenzetu mwingine, sikuuona mwisho wake, ulikuwa unaendelea ukurasa wa nyuma.

Wakati naaga akanipa mayai sita na salamu za kufikisha. Nami nazifikisha: mliokuwa mnakaa meza ya chini ya mwembe, mnajijua. Anasema namba yake ya kutumia pesa ni ile ile, na ya kutolea msisahau kuongeza.