Kelele za Hoteli za Ufukweni: Mgeni Avumilie au Hoteli Ipunguze?

Miaka minne nilikaa mapokezi, zamu ya usiku, katika hoteli moja ya kaskazini mwa Unguja. Simu za usiku wa manane nazijua. Mmoja mmoja hupiga kwa sababu ya homa, wengine maji yamekatika, lakini wengi hupiga kwa sababu ya kelele. Jibu nililofundishwa lilikuwa moja: samahani sana, muziki utazimwa saa 6. Saa 6 ikifika muziki hauzimwi, kwa kuwa baa ni ya jirani, na jirani hapokei amri ya mapokezi yetu. Nilichobaki nacho ni kisanduku cha vizibo vya masikio. Nikimpa mgeni vile viwili vya sponji na kumtakia usiku mwema, huku najua havitamsaidia.

Mwaka jana nikaenda mwenyewe kulala pwani ya mashariki na mwanangu. Saa 7 usiku nilipiga simu mapokezi. Kijana wa watu akanijibu kwa adabu zote: "Samahani sana, mama, muziki utazimwa sasa hivi." Sikumlaumu. Lakini usiku ule nilipata nafasi ya kulitazama jambo hili kutoka kitandani, na tangu hapo naona kwamba mzigo tumeutwika kichwa kisicho chake.

Ushauri anaopewa mgeni unajulikana. Achukue vizibo vya masikio, aombe chumba cha mbali, awashe feni, akishindwa ahame. Si ushauri mbaya. Feni hufunika mazungumzo ya chumba cha pili na mlio wa sahani jikoni, na sponji nzuri ikiingizwa sawasawa huondoa sehemu kubwa ya sauti za juu. Mji Mkongwe chumba kinachotazama uani ni tofauti kabisa na kinachotazama uchochoro wa vespa. Mgeni anayejua haya anaweza kulala vizuri mahali ambapo mwenzake anakesha.

Besi, hata hivyo, haizuiliki hivyo. Wimbi la sauti la mizunguko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, na hata kizibo cha sikio kikilipunguza, hakilimalizi. Unalisikia kifuani na kwenye mbao za kitanda. Kinachozuia sauti ni uzito: kuta za mawe na chokaa za nyumba za zamani mjini, nyingi zikiwa na unene wa zaidi ya nusu mita, zinazuia. Makuti hayazuii. Na makuti ndiyo tunayoyapiga picha na kumuuzia mgeni kuwa ndiyo Zanzibar yenyewe, kisha tunaweka spika mbele yake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele ya mfululizo chumbani kwa mtu aliyelala isizidi desibeli 30, na ya ghafla isizidi 45. Sasa tazama ufukweni. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya spika hupungua desibeli 6 hivi. Spika inayotoa 90 ukiwa mita 10 kutoka nayo bado itakufikia na kama 66 ukiwa mita 160. Chumba cha mbali ndani ya hoteli ndogo kina umbali gani? Na pwani ya mashariki, pepo za kaskazi na kusi zote huingia kutoka upande wa bahari, kwa hiyo kinachopigwa mchangani husukumwa vyumbani, kisha kijijini.

Upande wa pili nao una haki yake, na nausema nikiwa nimekula mshahara wake. Wageni zaidi ya 700,000 waliingia Zanzibar mwaka 2024, na si wote waliokuja kulala mapema. Wapo wanaopanga safari nzima kwa kuangalia tarehe ya mwezi mpevu, wakacheze Kendwa hadi alfajiri. Usiku mmoja wa namna hiyo unampa kazi DJ, mlinzi, dereva wa teksi, muuza mishikaki na kijana wa baa ambaye miezi ya masika hukaa nyumbani bila kipato. Mwenye hoteli akizima muziki saa 4, wageni wake watavuka kwenda kwa jirani na kunywa huko. Nimeshuhudia meneja mmoja akijaribu. Alidumu wiki mbili. Anayesema "zimeni tu" hajawahi kulipa mishahara ya mwezi wa Mei.

Tena mgeni naye mara nyingine hukosea anacholalamikia. Nilikuwa nikipokea malalamiko juu ya jogoo. Juu ya kunguru. Juu ya komba, anayelia juu ya mti kama mtoto mchanga, mpaka mgeni mmoja akataka tuite polisi. Mtu akikimbilia Pemba kutafuta ukimya atakuta popo wakubwa wakigombania matunda usiku kucha. Sauti hizi hazina kitufe. Kisiwa kimezaliwa nazo, na atakayelala hapa itambidi azizoee kama anavyozoea joto.

Adhana ya alfajiri nayo hulalamikiwa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wetu wanapokasirika, na kwa haki. Mara nyingi hoteli ndiyo iliyoufuata msikiti. Adhana huchukua dakika chache, wakati wake unajulikana, na kwa aliyeizoea haimkatizi hata ndoto. Kuilinganisha na saa sita za besi si haki. Lakini nitakuwa sisemi kweli nikiacha hapo. Spika za juu ya mnara ni jambo la juzi tu katika historia ya miskiti yetu, na Saudi Arabia yenyewe mwaka 2021 iliamuru spika za nje zitumike kwa adhana na ikama (wito wa kuanza swala) tu, kwa sauti isiyozidi theluthi ya nguvu zake. Wazee wa kijiji wakitaka kulizungumza hilo, ni lao kulizungumza. Si la meneja wa hoteli kulibebea barua ya mgeni aliyefika jana.

Nikigawa kelele, basi, nazigawa hivi: kuna ambayo mahali imezaliwa nayo, na kuna ambayo mkono wa mtu umeiwasha. Ya kwanza mgeni avumilie. Ya pili aliyeiwasha ajibu.

Jenereta ni mfano mzuri kwa kuwa haina mashabiki. Nyingi zilinunuliwa kwa pupa baada ya waya wa umeme wa chini ya bahari kuharibika Desemba 2009 na Unguja kukaa gizani kwa miezi mitatu. Kila mwenye hoteli aliiweka palipokuwa na nafasi, mara nyingi nyuma ya vyumba vya bei ndogo. Dharura ile imepita, mashine nyingi bado zipo pale pale, na umeme ukikatika usiku anayelipa kidogo ndiye anayelala na moshi na mngurumo. Kuihamisha, au kuijengea ukuta wa matofali, ni gharama ya mara moja.

Muziki ni mgumu zaidi, maana una wapenzi. Lakini siupimi kwa mgeni peke yake. Mgeni anakaa siku tano, anaandika malalamiko, anarudi kwao. Kijiji kinabaki. Usiku wa mwezi mpevu wavuvi wa dagaa, wanaotegemea giza na taa, huwa wamepumzika majumbani. Ndizo siku chache za kulala na familia zao. Ndizo pia siku za bamvua. Maji hutoka mbali asubuhi, na kina mama wa mwani, kazi iliyoshamiri Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, wanapaswa kuamka, kupika, kupeleka watoto skuli, kisha kusimama majini kwa saa kadhaa kabla maji hayajajaa. Mwezi ule ule unaoleta sherehe ndio unaowataka wao wawe na nguvu. Hao hakuna aliyewapa vizibo vya masikio, na hawana mapokezi ya kupigia simu isipokuwa kwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, asubuhi, muziki ukiwa umeshazimwa na hakuna cha kuonesha.

Mji Mkongwe una mfano wa kelele inayovumilika. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004 na ambalo kwa kawaida hufanyika Februari, lina tarehe inayotangazwa mapema na lina mwisho. Asiyelitaka huja Machi. Ndiyo maana naona kosa kubwa la hoteli zetu si muziki, ni kunyamaza wakati wa kuuza chumba. Tovuti inaonesha mnazi, machela na bahari tulivu; baa iliyo hatua 40 kutoka kitandani haimo kwenye picha. Mgeni aliyeambiwa mapema akaja, amechagua. Aliyefichwa amedanganywa, na feni haiponyi udanganyifu.

Kuna hatua ya kati ambayo nadhani haijajaribiwa vya kutosha: saa 5 usiku zimeni zile spika kubwa za chini, za besi, muache nyimbo ziendelee. Wacheza watabaki na sauti, vitanda vitaacha kutetemeka. DJ ataniambia ngoma bila besi haichezeki, na ana hoja. Basi zigeuzwe zitazame bahari, zishushwe kutoka kwenye majukwaa, zisogezwe mbali na kuta. Mamlaka ya mazingira, ZEMA, imekuwepo chini ya sheria ya mwaka 2015. Kipimo cha desibeli ni kifaa kidogo cha mkononi, na sheha akiwa nacho hatahitaji kubishana na meneja kwa neno tupu.

Hadi hapo, mgeni asitegemee kizibo. Kabla ya kulipa apige simu na kuuliza: baa ya karibu iko umbali gani, na ni ya nani? Hufungwa saa ngapi siku ya Jumamosi? Mwezi mpevu unaangukia tarehe ngapi? Kuna ujenzi kiwanja cha pili? Ukuta wa kichwani umepakana na nini? Nilipokuwa mapokezi majibu yote haya nilikuwa nayo, na katika miaka minne walioniuliza hawafiki kumi. Ukiwa umeshafika, kabla hujafungua begi, omba utembezwe nyuma ya jengo uone jenereta iko wapi.