Nani Ashike Sindano ya Usingizi?

Mgonjwa wa ERCP, tiba ya mirija ya nyongo na kongosho kwa kamera, mara nyingi hulazwa kifudifudi, bomba lenye kamera likiwa limepita mdomoni hadi utumbo mdogo. Daktari anatoa mawe kwenye mrija wa nyongo, au anapachika kijibomba pale uvimbe wa kongosho ulipobana. Kazi hiyo huweza kufika saa nzima, na mgonjwa akijinyonganyonga wakati mlango wa mrija unachanwa, utumbo unaweza kutoboka. Kwamba apewe dawa ya usingizi, hakuna anayebisha. Ubishi ni nani ampe.

Ujerumani na Uswisi, wauguzi waliofunzwa huchoma propofoli, dawa ya usingizi. Marekani, maelezo ya dawa yenyewe yanataka aliyefunzwa kutoa usingizi kamili, asiye na kazi nyingine chumbani. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa huko, FDA, ilikataa ombi la madaktari wa tumbo la kuondoa sharti hilo.

Wanaotetea wauguzi wana hoja. Propofoli humlaza mtu chini ya dakika moja, na ikikatwa anaamka upesi, tofauti na midazolamu, dawa nyingine ya usingizi, inayomwacha na mang'amung'amu. Tena wataalamu wa usingizi kwetu ni wachache. Mwenye usaha kwenye mirija ya nyongo akisubiri zamu yao, anaweza kufa foleni.

Lakini midazolamu ina flumazenili ya kuizima, fentanili, ya kutuliza maumivu, ina naloksoni. Propofoli haina kitu. Kuzidisha kidogo tu, pumzi inakata. Kwa mnene sana, au mwenye kukatwa pumzi usingizini, mimi niko upande wa wataalamu wa usingizi, na mpira wa hewa uwekwe kooni tangu mwanzo.

Kwa wengine, naona ubishi wa vyeo unaficha jambo kubwa zaidi. Mgonjwa anayepewa oksijeni puani anaweza kuacha kupumua, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni bado kikasoma asilimia 98. Mashine ya kupima hewa ya kaboni anayotoa huonyesha mstari umelala ndani ya sekunde chache. (Na kukoroma si dalili kwamba amelala vizuri; njia ya hewa imeanza kuziba.) Muuguzi mwenye mashine hiyo, asiye na kazi nyingine, nitamwamini. Yule anayechoma dawa kwa mkono mmoja huku mwingine ukimshikia daktari waya, hapana, hata awe na vyeti vingapi.