Nionyesheni Kwanza Tarehe

Ripoti ya utafiti wa vyura, mijusi na nyoka wa hifadhi ya mlimani ikinifikia, sianzi na orodha ya spishi. Natafuta tarehe. Nataka kujua watu waliingia msituni mwezi gani, walikaa siku ngapi, na kama mvua ilinyesha au walikanyaga majani makavu muda wote. Nikikuta walikwenda Agosti kwa siku nane kwa kuwa ndiyo miezi ambayo gari hupanda mlimani bila kukwama, najua tayari kwamba nusu ya wenyeji wa msitu huo hawakuonekana. Walikuwa chini ya udongo, ndani ya magogo yaliyooza au juu kabisa ya miti, wakisubiri masika.

Nasema haya nikiwa na Milima ya Tao la Mashariki moyoni, ile inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka Tanzania kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa. Kila mlima hapo ni kama kisiwa: msitu wa mvua juu, nchi kavu chini, na chura wa huku hawezi kutembea hadi kule. Ndiyo maana unaweza kuvuka bonde moja ukakuta spishi nyingine kabisa. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani chura mmoja wa jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Callulina ameenea kwenye milima kadhaa. Walipokaa wakamsikiliza, wakampima na kuchunguza vinasaba vyake, akawa si mmoja. Mwaka 2004 wa Usambara Magharibi alipewa jina la Callulina kisiwamsitu, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, na wengine wakafuata. Orodha za zamani zilikuwa zimewaandika wote kwenye mstari mmoja.

Nimewahi kubeba ndoo kwenye kazi hizi, kwa hiyo naijua ilivyo. Mstari wa kawaida wa mitego ni ndoo kumi na moja za lita 20, zinafukiwa hadi midomo ilingane na ardhi, zikiachana mita 5, na katikati yake unapita uzio mfupi wa plastiki. Mnyama anayetembea chini hukutana na uzio, huufuata, hutumbukia. Chini ya kila ndoo kuna matundu ili maji ya mvua yasiwazamishe. Alfajiri unapita ukiinama ndoo baada ya ndoo, na huo ni wakati ninaoupenda kuliko wote, kwa maana hujui mkono utakutana na nini: chura mdogo wa kwenye majani makavu, kinyonga kibete wa kahawia, jongoo, panya buku aliyekasirika.

Lakini ndoo ina upendeleo wake. Vyura wa mitini wana vidole vinavyonata. Wakitumbukia hupanda ukuta wa ndoo na kwenda zao. Nyoka mrefu hujinyoosha akatoka. Wanaoishi kwenye matawi hawashuki kabisa. Kwa hao unahitaji usiku, tochi ya kichwani na mwendo wa polepole sana. Kinyonga ambaye mchana ungempita mara kumi, usiku hulala kwenye ncha ya kijitawi, na mwanga wa tochi humwonyesha akiwa amepauka kama jani lililokufa. Wengine huwezi kuwaona hata usiku ila kwa sauti. Unasimama gizani, unazima tochi, unahesabu nani analia na kutoka wapi.

Na hata masikio hayatoshi. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti kilipanda Ukaguru kumtafuta Churamiti maridadi, chura wa mitini aliyetangazwa kwa sayansi mwaka 2002 kwa msingi wa vielelezo viwili tu. (Sitachoka kulipenda jina hilo, chura mti maridadi, limeandikwa kisayansi kama tunavyolitamka.) Hawakumpata. Walipata kingine: chura mdogo wa jenasi ya Hyperolius ambaye dume lake halitoi sauti ya kuita jike kama wenzake. Mwaka 2023 alipewa jina la Hyperolius ukaguruensis. Sasa fikiria mtu anayefanya utafiti wa siku tatu kwa kinasa sauti pekee. Chura huyo yupo mbele yake, ameketi kwenye jani, na kwenye ripoti hayupo.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Ripoti nyingi huandika “hakuna spishi adimu iliyopatikana”, na msomaji wa ofisini, ambaye ndiye anayetia saini, husoma “hakuna spishi adimu”. Neno moja limeanguka njiani. Utafiti wa haraka una kazi yake, unakuonyesha pa kuanzia. Kuufanya uwe neno la mwisho juu ya mlima ni kosa, tena kosa ambalo sisi tumeshalilipia.

Tulilipia Kihansi. Kwenye maporomoko yale ya Udzungwa, kwenye kipande cha majani kisichozidi sana hekta 2, kilicholowa usiku na mchana kwa manyunyu ya maji yanayoanguka, aliishi chura wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita 3, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme ulikuwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, korongo lilipoteza takriban asilimia 90 ya maji yake, na manyunyu yakaisha. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani. Huku nyumbani mabomba ya kunyunyizia maji yalifungwa, idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka ghafla, na kuvu anayeua vyura akagundulika kwenye miili yao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini. Alianza kurudishwa mwaka 2012. Umeme tunauhitaji, sibishani na hilo. Ila najiuliza gharama yote ile ingekuwaje kama mtu angelitembea kwenye manyunyu yale kwa misimu miwili kabla ya tingatinga la kwanza.

Kuna kipimo rahisi ambacho kingepaswa kuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila ripoti. Andika siku ya kwanza ulipata spishi ngapi, siku ya pili ukaongeza ngapi mpya, ya tatu ngapi. Kama siku ya mwisho bado ulikuwa unapata mpya, kazi haijaisha, umeishiwa fedha tu. Sema hivyo. Ongeza pia urefu kutoka usawa wa bahari. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyotangazwa mwaka 1997, huanzia chini ya mita 200 na kupanda hadi zaidi ya mita 1,100. Mitego yote ikiwekwa karibu na nyumba ya wageni, umechunguza mazingira ya nyumba ya wageni.

Mahali hasa wanapopatikana wanyama adimu, sihitaji kuambiwa. Mwaka 2011 nyoka mmoja mwenye pembe za magamba juu ya macho, Atheris matildae, alitangazwa bila kutajwa msitu wake, kwa hofu ya wafanyabiashara wa wanyama hai. Walifanya vyema. Kinachonihusu ni jitihada: usiku, ndoo, saa, mvua. Vilevile nataka kusoma kwamba buti na ndoo zilisafishwa kwa dawa kabla ya kuhama bonde, kwa sababu kuvu yule husafiri kwenye matope, na itakuwa aibu kubwa mno kama mgonjwa atauawa na aliyekuja kumpima.

Kisha waulizeni watu. Nakumbuka asubuhi moja pembeni ya msitu wa Uluguru. Tulikuwa tumechimba viwanja vidogo kwa siku tatu tukitafuta wale amfibia wasio na miguu, wanaoishi ardhini na ambao wengi wetu huwaita minyoo au nyoka vipofu. Tulikuwa tumepata mmoja. Tukipita kwenye migomba tulimsalimu mama aliyekuwa akilima, akatuitikia, akatuuliza tunatafuta nini. Kiongozi wetu akamwonyesha picha.

“Hawa? Kila nikilima huku bondeni nawakuta, hasa mvua zikianza,” akasema. “Mnapita hapa kila siku, wanangu, na hamkuniuliza.”

Tulimwomba ruhusa, tukachimba pale alipotuonyesha, na kabla ya saa sita tulikuwa na wanne. Ndugu zao wa Taita ndio walioshangaza dunia mwaka 2006, ilipoonekana kwamba mama huinenepesha ngozi yake ya juu na watoto huimenya kwa meno maalumu na kuila, mpaka wanapoweza kujitegemea. Kiumbe wa ajabu namna hiyo yuko chini ya jembe la mkulima, nje ya mpaka wa hifadhi, na ripoti nyingi huishia kwenye mpaka.

Ripoti yetu ilipotoka ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nyingi, na yule mama hakupelekewa hata ukurasa mmoja. Mwaka uliofuata nilirudi na picha nane zilizochapishwa, majina yameandikwa kwa Kiswahili chini yake. Alizitazama moja moja, akazitenga tatu pembeni. Hao, akasema, hajawahi kuwaona. Wale watano wengine akaanza kunieleza kila mmoja hutoka mwezi gani.